Isale Mbele ya Kamera

Afisa Uhusiano alitembea na vitambaa viwili mfukoni, kimoja cha kufutia jasho na kimoja cha kufutia viatu, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikumwona akivichanganya. Akishuka kwenye gari pale Sekei, tulipokuwa majirani ukuta kwa ukuta, kwanza aliinama akapangusa vumbi la viatu, ndipo akainua kichwa na kusalimia. Nilipokuwa mtoto nilidhani hakuna mtu msafi kama yeye mtaani. Leo sipendi hata kuikumbuka ile namna yake ya kuinama. Nasema mapema, ili asiyetaka kusoma habari za mtu anayetia kinyaa aachie hapa.

Mtaa mzima ulimwita hivyo, Afisa Uhusiano, kwa kirefu chake, hata watoto. Alifanya kazi kwenye kampuni moja ya maua, yenye mabanda marefu ya nailoni kule chini ya mlima. Kazi yenyewe wengi hawakuielewa. Mama yangu alisema ni kazi ya kuongea, na aliposema hivyo hakuwa na ubaya, alikuwa akimsifia. Kila nyumba ya Sekei ilikuwa na kalenda yake ukutani na kalamu yake juu ya kabati. Sisi tulikuwa na kofia tatu za kampuni ile, na hakuna aliyezivaa ila mzee wa kukata majani.

Alipenda pipi za mnanaa. Kabla ya kuzungumza na mtu mwenye cheo alitia moja mdomoni, ukaisikia inavyogongana na meno. Ilipoyeyuka ndipo alianza kusema, na sauti ilitoka laini, ya baridi kidogo. Kwa mtu asiye na cheo hakula pipi.

Jambo la kwanza nililompendea, na nilimpenda kwelikweli, ni wasifu wa baba yangu. Baba alikuwa mlevi. Simdharau, ndivyo alivyokuwa, na Sekei yote ilijua. Alipofariki, Mama alikuwa akiogopa siku ya mazishi kuliko alivyoogopa kifo chenyewe, kwa sababu ya kile kitakachosomwa na nyuso za watakaosikiliza. Afisa Uhusiano akaja na daftari, akauliza maswali matatu, akaenda kuandika. Kanisani akasoma kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, asiyependa kukaa peke yake, ambaye mlango wake haukujua saa ya kufungwa.

Kila neno lilikuwa kweli. Hakupenda kukaa peke yake kwa kuwa pombe ya mbege hainogi ukiwa peke yako, na mlango haukufungwa kwa kuwa aliuvunja kwa teke tangu Pasaka. Lakini Mama alitoka kanisani ameinua shingo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikaamua pale pale kwamba nikikua nitafanya kazi ya mtu huyu. Nilidhani ni kazi ya kuwainua watu shingo.

Hakuwa mtu wa ubaya wa wazi, na hilo ndilo linalonisumbua. Mama yake mzazi alikaa kwake miaka mingi akiwa hawezi kutembea, na yeye ndiye aliyemwogesha, kila asubuhi, kabla ya kuvaa suti. Hakumwachia dada wa kazi. Nilimwona kwa macho yangu amepiga magoti uani, mikono ya shati imekunjwa, anamsugua bibi nyayo kwa jiwe, wanaongea Kichaga na kucheka. Mikono ile ile. Mgonjwa wa mtaa akizidiwa, gari la kampuni lilitoka bila kuulizwa. Msiba ukitokea, alikuwa wa kwanza kuleta viti.

Kitu kimoja tu sikukielewa. Hakuwahi kunywa maji ya mtu. Msibani, harusini, kanisani, alikuja na chupa yake, akaifungua mwenyewe. Akaribishwe chai, atasema tumbo halipo sawa. Mama alisema ni usafi uliozidi. Na mimi nikasema hivyo.

Alikuwa na misemo yake. Alisema uongo ni kazi ya wavivu, kwa sababu ukweli upo mwingi na mtu mwenye akili anachagua unaomfaa. Alipenda kusema funika kombe mwanaharamu apite, na akiusema alikonyeza jicho. Lakini msemo aliouonea fahari zaidi ulikuwa wake mwenyewe: kwenye picha harufu haitoki. Alitusimulia ulikotoka, siku moja amekaa mezani kwetu anakula ndizi nyama. Kampuni ilikuwa imejenga vyoo kwenye shule moja ya msingi, vikapakwa rangi nzuri na nembo ya ua mlangoni, ila maji hayakuwahi kuunganishwa. Siku ya kuvikabidhi vilikuwa vimeshatumika wiki nzima. Akawapanga walimu na watoto mbele ya ukuta, wote wamebana pumzi, akawaambia wacheke. Picha ikatoka safi. Alituigizia zile nyuso zilizobana pumzi, na tukacheka, na mimi nilicheka mpaka machozi.

Nilipomaliza chuo, stashahada yangu ya mawasiliano ikakaa kwenye droo mwaka mzima. Nilikuwa nimeanza kuogopa kukutana na watu waliojua nimesoma. Ndipo Afisa Uhusiano akanigongea mlango, akaniambia kuna maonyesho ya maua na mbogamboga, ya siku tatu, wanunuzi watatoka hata nje ya nchi. Nikasimame kwenye banda la kampuni nijifunze kazi. Nikiiweza, nafasi ya msaidizi wake ilikuwa wazi. Mama alimshukuru mpaka akataka kulia. Mimi usiku ule nililala nimeshaajiriwa kichwani.

Siku ya kwanza ilinipendeza. Nilipewa fulana mpya na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, nikagawa vipeperushi, nikajibu maswali. Siku ya pili macho yakaanza kufunguka. Waridi zilinyunyiziwa maji kila baada ya muda ili zionekane zimechumwa asubuhi ile, na zilizolegea zilifungwa waya shinani zisimame. Spika za kila banda zilishindana kupiga kelele. Wanaume wenye vitambulisho kama changu walikuja kuchukua kipeperushi kimoja mara nne huku wananisoma jina kifuani polepole, kana kwamba lina sura nyingi. Kwenye mabango, kila kampuni ilikuwa na mkulima wake anayetabasamu, na mama mmoja mwenye kilemba cha njano alikuwa akitabasamu kwenye banda la mbegu na kwenye banda la benki vilevile. Nilipomwonyesha Afisa Uhusiano, hakushangaa. Alisema uso mzuri ni wa kila mtu.

Jioni ya siku hiyo akaniita pembeni. Akala pipi ya mnanaa, na mimi nikajisikia mtu mkubwa, kwa maana hakuwahi kunilia pipi.

Kulikuwa na mjane mmoja kule Umeruni, Mchaga wa Machame kama Mama, aliyeolewa huko zamani. Nitamwita Mama wa Mferejini, kwa sababu mfereji unaonywesha shamba lake na la majirani zake unapita kwanza kandokando ya mabanda ya kampuni. Ng'ombe wake wawili walikunywa maji ya mfereji ule wakafa, povu mdomoni. Majirani waliona, ila watoto wao walikuwa vibarua kwenye maua, wakanyamaza. Yeye hakunyamaza. Hakutaka alipwe ng'ombe. Alitaka bomba linalomwaga maji machafu mferejini lizibwe, na kampuni iseme mbele ya wazee wa mfereji, wanaosimamia zamu za maji, kwamba lilikuwepo. Alishafika ofisi za wilaya, na watu wa mamlaka ya maji walikuwa karibu kuja kumsikiliza yeye, shahidi pekee.

Afisa Uhusiano akaniambia kampuni imeamua kumwomba msamaha kimila, kwa jani la isale, kwenye maonyesho, mbele ya mgeni rasmi. Mama wa Mferejini ananijua kwa kuwa anasali na Mama, basi niende nikamlete. Na akaniomba nichume jani kwenye ua wetu wa masale, maana kwake alishang'oa masale yote akapanda nyasi za Kizungu.

Kwa asiyejua: kwetu Wachaga, mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, humkatalii. Hata kama ni damu. Ukishalipokea ugomvi umekwisha, na ukiurudia, aibu inahamia kwako. Lakini kabla ya jani kuna maneno. Aliyekosa anataja kosa lake, kwa jina lake, mashahidi wakisikia. Ndiyo maana watu hawalibebi jani hovyo.

Asubuhi nikaenda uani kuchuma. Mama alikuwa akifagia. Alipoona ninachokata aliacha ufagio, akauliza ni la nini, nikamweleza. Alifurahi, kisha akaniuliza swali moja.

"Atataja kosa?"

"Atataja, Mama."

Sikuwa nimemuuliza Afisa Uhusiano. Nilijibu tu, kwa kuwa niliitaka kazi.

Mama wa Mferejini alikuwa amevaa vizuri, kitenge cha kanisani na shali. Njiani kwenye gari la kampuni aliniuliza mara mbili kama wazee wa mfereji wamealikwa, nikamwambia nadhani. Tulipofika walimkalisha nyuma ya banda, kwenye kiti cha plastiki, na soda na kipande cha kuku. Akakaa pale tangu asubuhi hadi mgeni rasmi alipopita alasiri. Hakumgusa kuku. Wazee wa mfereji sikuwaona.

Wakamtoa mbele. Mshereheshaji akazima muziki. Afisa Uhusiano akapangusa viatu, akashika kipaza sauti mkono mmoja na jani letu mkono wa pili, akasema kwamba kwa niaba ya menejimenti, na kwa heshima ya mila zetu, kampuni inaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Akanyoosha jani.

Mama wa Mferejini akalitazama. Alikuwa akisubiri yanayofuata. Nilijua anasubiri, na mtu yeyote wa kwetu aliyekuwa pale alijua. Hayakufuata. Watu wakaanza kupiga makofi, mgeni rasmi naye akapiga, na yule mama akanigeukia mimi, si Afisa Uhusiano. Mimi nikatazama vipeperushi. Akapokea.

Hapo mpiga picha akasema kichwa cha mgeni rasmi kilimziba. Afisa Uhusiano akalichukua jani mikononi mwa yule mama, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akasema, "Samahani mama, turudie." Wakarudia. Mara ya pili picha ikatoka, ila mama hakutabasamu. Wakarudia tena.

Mara ya tatu ndipo alipofungua kinywa, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa karibu, wote tulisikia.

"Mmeniomba msamaha mara tatu, na kosa hamjalitaja hata mara moja."

Afisa Uhusiano akacheka kicheko kizuri, akasema mama zetu wana hekima, akaomba makofi. Kamera ikapiga hapo hapo. Mdomo wa yule mama ulikuwa bado wazi kutokana na kusema, na kwenye picha ilionekana anacheka. Jani likachomekwa kwenye chupa ya waridi mezani, likakaa pale mpaka maonyesho yakafungwa.

Nilikwenda nyuma ya banda nikatapika. Sisemi kwa mfano. Nilitapika samosa za asubuhi kwenye nyasi, na nilipoinuka nikaona nimejichafua fulana, juu ya lile ua la nembo. Afisa Uhusiano alikuja, akanipa kitambaa cha jasho na chupa yake ya maji, akaniambia kwamba mara ya kwanza hata yeye ilimpata. Na akaniambia kwa upole, kama mwalimu, kwamba Mmachame akishapokea isale hawezi tena kusimama mbele ya watu wa maji. Alijua hilo tangu mwanzo. Ndilo lililomfanya achague isale badala ya barua.

Nilimrudisha Mama wa Mferejini jioni. Walikuwa wamempa kofia, kalamu na shada la waridi. Tulipofika aliteremka, akaviacha vyote kwenye kiti. Nikamwambia amesahau maua. Akasema hapeleki vitu vile nyumbani, ana mbuzi, wasije wakayala.

Watu wa maji walikuja, wakamkuta amenyamaza. Barua yangu ya kazi ilikuja pia, na kazi ya kwanza ilikuwa kuandika maneno ya kuweka chini ya picha ile kwenye kalenda ya mwaka mpya. Nilikaa na karatasi tupu siku mbili. Kisha nikairudisha barua, na Mama hakunisemesha kwa muda, si kwa sababu niliikataa, bali kwa sababu nilikuwa nimemwambia atataja. Kalenda ikatoka bila maneno yangu. Niliiona hadi Ngaramtoni, kwenye bucha, yule mama anacheka juu ya mwezi wa tatu, na nzi wanatembea juu yake.

Siku hizi nina duka la vifaa vya ofisi Lemara. Natoa nakala, nachapa barua, na zaidi ya yote nachapa ratiba za mazishi. Wafiwa wananiomba niwaandikie wasifu, kwa kuwa wanasema nina kalamu. Naandika kidogo. Marehemu akiwa mlevi nauliza familia kama wanataka lisemwe au linyamaziwe, lakini silivalishi nguo.

Hapo dukani ndipo alipokuja. Nilishasikia habari zake. Kampuni ilipata wakubwa wapya, malalamiko ya mfereji yakaibuka upya kwa watu wengine, na taarifa kwa umma ikatoka ikisema kwamba makosa yote ya nyuma yalitokana na afisa ambaye si mtumishi tena. Taarifa ilikuwa imeandikwa vizuri. Nilitambua mtindo, nadhani yeye ndiye aliyewafundisha. Kanisani walikuwa wamemwondoa kwenye baraza la wazee.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, mwanangu, akaketi. Miguu ilikuwa imevimba, lakini viatu viling'aa. Alitoa bahasha kubwa ya kaki, na ndani yake jani la isale, bichi, limefungwa fundo sawasawa. Akaniomba nimpelekee Mama wa Mferejini, kwa sababu yeye akionekana kule mama huyo ataingia ndani na kufunga mlango.

Nikamuuliza nikifika nitaje nini.

"Mwambie naomba radhi kwa yale yaliyojitokeza."

"Yalijitokeza yenyewe, baba?"

  Aligeuza bahasha, akaigeuza tena. Mteja akaingia, akataka nakala mbili, nikamhudumia, akatoka, na Afisa Uhusiano bado alikuwa akitazama sakafu.

"Nilijua," akasema mwishowe. "Majibu ya vipimo vya maji yalikuwa mfukoni mwangu siku ile ya maonyesho. Nilikuwa nayo kabla ya ng'ombe wa kwanza."

Nikaikumbuka ile chupa aliyotembea nayo msibani na harusini miaka yote. Nilitaka kumfukuza dukani. Lakini alikuwa amelitaja, kwa kinywa chake, na mimi nilikuwa shahidi. Mila ni mila. Nikalipokea jani kwa mikono miwili, nikamwambia nitalifikisha. Kwa kitambo kile, nakiri, kile kinyaa cha miaka kilinitoka, nikamwona mzee tu mwenye miguu iliyovimba, aliyewahi kumwinua mama yangu shingo.

Akasimama. Akatoa kitambaa cha viatu, akainama kwa shida, akapangusa. Akatia pipi mdomoni. Mlangoni akageuka.

"Ukimkabidhi, mwanangu, uwe na simu mkononi. Kapicha kamoja tu, akiwa anapokea. Kuna watu pale kanisani ningependa wakaone."

 Nililiweka jani juu ya mashine ya nakala, nikaanza kulifungua fundo. Fundo la isale likikazwa vizuri ni gumu, nilitumia kucha, na yeye akasimama akitazama huku pipi inagonga meno. Lilipofunguka nikalinyoosha, nikamrudishia.

"Mpelekee mwenyewe, baba."

Alilitazama kama mtu aliyerudishiwa fomu aliyoijaza vibaya, akalitia kwenye bahasha, akatoka. Nilinawa mikono. Nikafunga duka kabla ya saa yake nikaenda Sekei, uani kwa Mama, nikiwa na kisu. Mama ameshazeeka, anakaa kwenye kigoda karibu na ua. Alinitazama nikiyasogelea masale, akauliza lile swali la siku ile, kwa sauti ile ile, safari hii likinihusu mimi. Nikamwambia nitataja. Akasubiri. Ikabidi nilitaje pale pale, mbele yake kwanza, kwamba niliyemfuata yule mama nyumbani kwake na kumpeleka ni mimi, na jani lilikuwa letu, na aliponigeukia nilitazama vipeperushi.

Ndipo Mama akanyoosha mkono, akanionyesha jani la kukata.